Kidonge na Swali Lake: Historia ya Tiba ya Homoni kwa Wanawake Waliokoma Hedhi, 1889–2025

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya tiba ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi, hasa nchini Marekani na Uingereza, tangu majaribio ya mwishoni mwa karne ya 19 hadi mabadiliko ya tahadhari za dawa mwaka 2025. Hoja yake ni kwamba dawa ile ile ilipewa kazi tofauti katika vipindi tofauti: kutuliza, kurudisha ujana, kisha kukinga maradhi, na kwamba ushahidi uliokusanywa kwa ajili ya kazi moja ulitumiwa mara kwa mara kuamulia kazi nyingine. Jambo hili linawahusu washauri wa sera wa Afrika Mashariki, ambao hupokea miongozo ya tiba hii ikiwa imetenganishwa na mabishano yaliyoizaa.

1. Jina lilitangulia dawa

Kabla ya karne ya 19 tabibu wa Ulaya hakuwa na neno moja la kutajia ukomo wa hedhi. Neno lililoenea katika lugha za Ulaya lilibuniwa na daktari Mfaransa, Charles-Pierre-Louis de Gardanne, ambaye mwaka 1821 alilitumia katika kitabu chake kuhusu umri huo wa wanawake. Kwa kulipa jambo hilo jina la kitabibu, alilihamisha kutoka kwenye mazungumzo ya wakunga na mama wazee na kuliweka mezani pa daktari. Uhamisho huo ulikuwa na faida yake, kwani mateso yaliyokuwa yakivumiliwa kimya yalianza kusikilizwa. Ulikuwa pia na gharama, kwa sababu kinachoingia katika kitabu cha maradhi huanza kutafutiwa dawa hata pale ambapo mwenyewe haumwi.

Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Maneno yanayotumika, yaani kukoma hedhi, ukomo wa hedhi na ukomohedhi, yote yamejengwa juu ya kitenzi ambacho hakibebi dhana ya upungufu. Mtoto akikoma kunyonya hasemwi kuwa amepungukiwa; amefika mwisho wa hatua moja. Tofauti hii ndogo ya kiisimu itahitaji kukumbukwa mbele, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia inayosimuliwa hapa ilitegemea swali moja: je, mwanamke aliyekoma hedhi amekosa kitu kinachopaswa kurudishwa?

2. Kutoka kwenye tezi za wanyama hadi kwenye mkojo wa farasi

Simulizi za tiba ya homoni kwa kawaida huanzia Paris mwaka 1889. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis nchini Mauritius na wakati huo akiwa na umri wa miaka 72, aliwaeleza wanasayansi wenzake kwamba alikuwa amejidunga majimaji ya korodani za wanyama na kujihisi amerudiwa na nguvu. Kilichompata huenda kilikuwa matumaini tu, lakini wazo lake lilishika. Katika muongo uliofuata madaktari wa Ujerumani walianza kuwapa wanawake dawa zilizotengenezwa kwa ovari za wanyama, wakiwamo wanawake walioondolewa ovari kwa upasuaji na kupatwa na mafukuto makali ya mwili. Inafaa kutambua kwamba wagonjwa hao wa mwanzo hawakuwa wazee. Walikuwa wanawake ambao upasuaji uliwakomesha hedhi ghafla, na kilichotafutwa kilikuwa nafuu.

Neno homoni lenyewe lilitolewa na Ernest Starling jijini London mwaka 1905. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy, waliokuwa wakifanya kazi St. Louis, walionyesha kwamba vifuko vya mayai ndani ya ovari vina kiini chenye nguvu mahususi. Mwaka 1929 Doisy na Adolf Butenandt, kila mmoja kwa njia yake, walifanikiwa kukitenga kiini cha aina hiyo kikiwa safi. Chanzo chao kilikuwa mkojo wa wajawazito, kwani Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walikuwa wamegundua Berlin mwaka 1927 kuwa homoni hiyo hujaa humo. Zondek baadaye akaikuta kwa wingi zaidi katika mkojo wa farasi. Tatizo la malighafi likawa limetatuliwa, na hapo ndipo viwanda vilipoingia.

Dawa mbili zilitoka katika kipindi hicho. Ya kwanza ilikuwa dietilistilbestroli, iliyotengenezwa kimaabara na Edward Charles Dodds na wenzake London mwaka 1938. Haikuwekewa hataza, ilikuwa rahisi, na mwaka 1941 iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya dalili za ukomo wa hedhi. Baadaye ilitolewa kwa wajawazito kwa imani kwamba ingezuia mimba kutoka; mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake waliihusisha na saratani adimu ya uke kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wakiimeza. Ya pili ilikuwa Premarin, iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, ambayo jina lake la Kiingereza linadokeza asili hiyo waziwazi. Ilianza kuuzwa Kanada mwaka 1941 na kuruhusiwa Marekani mwaka 1942. Wakati huo sheria ya Marekani ilimtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa. Sharti la kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi inayodaiwa lilikuja mwaka 1962.

3. Ahadi ya ujana

Kwa takriban miaka 20 dawa hizi zilibaki na kazi ya kutuliza. Mwanamke aliyesumbuliwa na mafukuto, jasho la usiku na ukavu wa uke alipewa vidonge kwa muda, kisha akaacha. Aliyebadilisha kazi ya kidonge mbele ya umma alikuwa Robert A. Wilson, daktari wa magonjwa ya wanawake wa New York, ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 kiliahidi uanamke usiokwisha. Wilson alidai kwamba ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu, unaofanana na kisukari, na kwamba kama mgonjwa wa kisukari anavyohitaji insulini, kila mwanamke anahitaji estrojeni tangu dalili za kwanza hadi kaburini. Lugha yake dhidi ya wanawake wasioitumia ilikuwa ya dharau isiyofichika. Aliwaeleza kama watu waliopoteza umbo, akili na mapenzi ya waume zao. Baadaye ilibainika kwamba taasisi aliyoianzisha ilipokea fedha za makampuni ya dawa, ikiwamo kampuni iliyotengeneza Premarin.

Ni rahisi leo kumcheka Wilson. Hata hivyo mlinganisho wake na kisukari ulifanya kazi ambayo matangazo peke yake yasingeweza: ulifuta mpaka kati ya mwanamke anayeumwa na mwanamke aliyefika umri fulani. Mpaka huo ulipofutwa, soko halikuwa tena la wagonjwa, bali la kila mwanamke aliyevuka miaka 50. Kiingereza kiliipa tiba hii jina lenye maana ya kufidia, na jina hilo likabeba hoja ya Wilson kwa miongo minne mbele, hata katika vinywa vya madaktari waliomkataa yeye.

4. Karatasi ndani ya pakiti

Desemba 1975 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili zilizohusisha matumizi ya estrojeni na saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Moja ilikadiria kwamba hatari kwa watumiaji iliongezeka mara 4.5, nyingine mara 7.6. Sababu ilieleweka haraka: estrojeni pekee hukuza ukuta huo bila kitu cha kuuzuia, kazi ambayo katika mzunguko wa kawaida wa hedhi hufanywa na projesteroni. Katika miaka michache iliyofuata maagizo ya daktari ya dawa hizi nchini Marekani yalipungua kwa takriban nusu.

Kilichotokea baada ya hapo kina umuhimu kwa sera kuliko tafiti zenyewe, ingawa wanahistoria wa tiba hukipita haraka. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza kwamba kila pakiti ya estrojeni iwe na karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mwanamke mwenyewe, kwa lugha nyepesi, ikieleza faida na hatari. Vyama vya wanawake, hasa National Women's Health Network iliyoasisiwa mwaka 1975, viliunga mkono agizo hilo. Chama cha watengenezaji wa dawa kilikwenda mahakamani kulipinga, na chama cha madaktari wa uzazi kikajiunga nacho. Pingamizi la madaktari lilikuwa kwamba karatasi ingeingilia uhusiano wao na wagonjwa. Mwaka 1980 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Delaware iliamua kwamba mamlaka ilikuwa na uwezo wa kuagiza karatasi hiyo.

Hoja iliyobishaniwa pale ilikuwa ndogo kwa umbo na kubwa kwa maana: kama mwanamke aweza kupewa habari moja kwa moja, bila kupitia kwa daktari. Madaktari waliojiona wakilinda uhusiano walikuwa, kwa kweli, wakilinda nafasi ya kuwa mlango pekee wa maarifa. Hukumu hiyo haikumpa mwanamke dawa bora. Ilimpa haki ya kusoma.

5. Kidonge chahamia moyoni

Dawa haikufa. Kwa wanawake wenye mji wa mimba iliongezwa projestini, na hatari ya saratani ya ukuta wa mji wa mimba ikadhibitiwa. Kazi mpya ilipatikana kwanza katika mifupa. Tangu mapema miaka ya 1940 Fuller Albright wa Boston alikuwa ameonyesha uhusiano kati ya ukomo wa hedhi na udhaifu wa mifupa, na katika miaka ya 1980 kinga ya mifupa ikawa sababu rasmi ya kuagiza dawa. Kisha ikaja kazi kubwa zaidi, yaani kukinga moyo.

Oktoba 1985 toleo moja la New England Journal of Medicine lilibeba tafiti mbili zilizopingana. Utafiti wa wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka 1976 na kuwafuatilia wauguzi zaidi ya 121,000, ulikuta kwamba watumiaji wa homoni walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo sana kuliko wasiotumia. Utafiti wa mji wa Framingham, katika kurasa za toleo hilo hilo, ulikuta kinyume. Msomaji angetarajia kwamba mgongano huo ungewafanya madaktari wasite. Haukufanya hivyo. Tafiti za ufuatiliaji zilizofuata nyingi ziliegemea upande wa wauguzi, na kufikia mwaka 1992 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kilishauri kwamba wanawake wote waliokoma hedhi wafikiriwe kupewa tiba hii kwa ajili ya kinga.

Udhaifu wa ushahidi huo haukuwa siri. Wanawake waliochagua kutumia homoni walikuwa, kwa wastani, na kipato na elimu kubwa zaidi, wakimwona daktari mara nyingi zaidi na kuutunza mwili wao kwa namna nyingine nyingi. Huenda ilikuwa afya yao iliyowafanya watumie dawa, na si dawa iliyowapa afya. Mwaka 1990, kampuni ilipoomba kibali cha kuitangaza Premarin kuwa kinga ya moyo, mwakilishi wa vyama vya wanawake alikuwa miongoni mwa waliodai kwamba jaribio la nasibu lifanyike kwanza. Dawa inayopewa mgonjwa yaweza kuvumiliwa ikiwa na hatari kidogo. Dawa inayopewa mtu mzima wa afya ili asiugue kesho haina budi kupimwa kwa kipimo kikali zaidi.

Mwaka 1991 Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitangaza mpango mkubwa wa utafiti wa afya ya wanawake, Women's Health Initiative. Ulikuja kuwaandikisha wanawake 161,808 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 katika vituo 40. Kabla haujatoa majibu, jaribio dogo zaidi la mwaka 1998, lililohusisha wanawake 2,763 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo, lilikuta kwamba homoni hazikuwakinga, na kwamba katika mwaka wa kwanza matukio ya moyo yaliongezeka.

6. Julai 2002

Sehemu ya Women's Health Initiative iliyojaribu estrojeni pamoja na projestini ilikuwa na wanawake 16,608. Ilipangwa kudumu miaka 8.5, lakini ilisitishwa baada ya wastani wa miaka 5.2, na matokeo yakatangazwa Julai 2002. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, kulikuwa na matukio 7 zaidi ya ugonjwa wa moyo, viharusi 8 zaidi, mabonge 8 zaidi ya damu mapafuni na saratani vamizi za matiti 8 zaidi. Kulikuwa pia na saratani 6 pungufu za utumbo mpana na mivunjiko 5 pungufu ya nyonga. Kwa kazi ya kinga, jibu lilikuwa hapana, na bado ndilo.

Habari zilizowafikia wanawake zilikuwa na sura nyingine. Magazeti yaliandika kwamba hatari ya saratani ya matiti iliongezeka kwa asilimia 26. Takwimu hiyo ni sahihi. Ni sahihi pia kusema kwamba wagonjwa waliongezeka kutoka 30 hadi 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Namna ya kwanza ya kusema inatisha na ya pili inamwezesha mtu kupima, lakini iliyosafiri duniani ilikuwa ya kwanza. Maagizo ya dawa za homoni Marekani yalishuka kutoka takriban milioni 91 mwaka 2001 hadi kadirio la milioni 57 mwaka 2003. Huko Manitoba wafugaji waliokuwa wakiuza mkojo wa farasi walipoteza mikataba yao. Agosti 2003 utafiti wa Uingereza wa wanawake zaidi ya milioni moja, ulioongozwa na Valerie Beral, ulithibitisha ongezeko la saratani ya matiti, hasa kwa dawa iliyochanganya homoni mbili.

Kasoro kubwa haikuwa katika jaribio. Lilikuwa limeulizwa swali la kinga na lilijibu swali la kinga. Kwa sababu hiyo lilihitaji wanawake wenye umri mkubwa, ambao matukio ya moyo kwao si adimu: wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na ni theluthi moja tu waliokuwa chini ya miaka 60. Mwanamke wa miaka 51 asiyelala usiku kwa mafukuto hakuwa ndiye aliyekusudiwa. Hata hivyo jibu hilo ndilo alilopewa alipokwenda kwa daktari, na mara nyingi pakiti yake ilisitishwa siku hiyo hiyo. Waliopoteza zaidi walikuwa wale wale ambao tiba ilianza nao katika miaka ya 1890, yaani wanawake waliokoma hedhi mapema au walioondolewa ovari wakiwa vijana. Kwao miongozo ya leo hushauri homoni angalau hadi umri wa kawaida wa ukomo, isipokuwa pakiwepo kizuizi cha kitabibu.

Jambo jingine lilipotea katika kelele. Mwaka 2004 sehemu ya pili ya jaribio, iliyokuwa na wanawake 10,739 wasio na mji wa mimba na waliopewa estrojeni peke yake, nayo ilisitishwa kwa sababu ya viharusi, lakini haikuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Mashaka yakaanza kuelekezwa kwa projestini iliyotumika, medroksiprojesteroni asetati.

Kurudi kwa tiba hii kulikuwa kwa hatua. Uchambuzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba athari kwa moyo zilielekea kutegemea muda uliopita tangu hedhi ikome. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliirudisha tiba hii mahali pake pa zamani, kutuliza dalili. Mei 2023 Marekani iliruhusu fezolinetanti, dawa ya mafukuto isiyo ya homoni, na Novemba 2025 serikali yake ikatangaza kuanza kuondoa maonyo mazito yaliyowekwa juu ya pakiti baada ya 2002. Wapo walioupokea uamuzi huo kama haki iliyochelewa. Katika tangazo lenyewe, hata hivyo, zilisikika tena ahadi za kinga ya moyo na ubongo, yaani swali la zamani likirudi kwa mlango wa nyuma bila jaribio jipya la nasibu la kulijibu.

7. Swali kwa ukanda wa Afrika Mashariki

Uhusiano wa ukanda huu na historia hiyo si wa mbali kama unavyoonekana. Medroksiprojesteroni asetati, projestini iliyotiliwa shaka baada ya 2004, ndiyo dawa iliyomo katika sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango inayofahamika katika zahanati za Kenya, Uganda na Tanzania. Kipimo, umri na kusudi ni tofauti, kwa hiyo matokeo ya jaribio la Marekani hayawezi kuhamishiwa kwenye sindano hiyo moja kwa moja. Lakini muuguzi atakayeulizwa na mwanamke aliyesikia kwamba homoni huleta saratani anahitaji kujua ni homoni ipi, kwa nani na kwa kazi gani.

Ushahidi wenyewe una mipaka yake. Takriban asilimia 84 ya washiriki wa jaribio la 2002 walikuwa Wamarekani weupe. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba mafukuto ya wanawake Weusi yalidumu kwa kati ya miaka 10.1, wakati kiasi hicho kwa washiriki wote kilikuwa miaka 7.4. Wamarekani Weusi si kipimo cha wanawake wa Mwanza au Kisumu, na si sahihi kuwatumia hivyo. Tofauti hiyo inatosha tu kuonyesha kwamba muda na ukali wa dalili haupaswi kukisiwa kutoka kwa idadi ya watu wengine. Huduma za afya ya uzazi katika ukanda huu zimejengwa kuzunguka mimba, kujifungua na uzazi wa mpango. Mwanamke aliyeondolewa ovari akiwa na miaka 38 hutoka katika mfumo huo kupitia mlango wa wodi ya upasuaji, na ndiye ambaye ushahidi wa kumpa homoni una utata mdogo zaidi. Mwongozo wa kitaifa ungeweza kuanza naye, kwa estrojeni za kawaida ambazo hataza zake zilikwisha zamani, kabla ya kubishana juu ya wengine.

Kuna pia kazi ya lugha. Iwapo istilahi rasmi itakuwa tiba ya kufidia homoni, Kiswahili kitakuwa kimepokea hoja ya mwaka 1966 ambayo taasisi nyingi za Marekani zenyewe zimeiacha katika majina yao. Tiba ya homoni ya ukomohedhi inataja wakati bila kutangaza upungufu. Karatasi ya mwaka 1977 iliandikwa ili isomwe na mwanamke asiye daktari. Karatasi ya namna hiyo kwa Kiswahili ingehitaji maneno yaliyokubaliwa kwa hatari halisi na hatari linganishi, ili 38 badala ya 30 katika 10,000 isigeuke asilimia 26 pekee, na neno moja la mafukuto litakaloeleweka Lamu kama linavyoeleweka Tabora na Bujumbura. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar wana mamlaka ya kulishughulikia hilo pamoja na wizara za afya, na wanaweza kulianza kabla miongozo ya tiba haijakamilika.